Habari Umeitoa Wapi?

Vijana wenzangu, na ninyi mnaofanya kazi na mashirika, leo nataka tuongee jambo ambalo wengi tunalidharau: kuandika habari umeitoa wapi.

Mwaka jana nilimsaidia mtafiti mmoja wa miamba na maji ya chini ya ardhi. Nilibeba vifaa na kutafsiri Kimwani kwenda Kireno. Mzee mmoja mvuvi alituzungusha asubuhi nzima. Kisima hiki kitamu mwaka mzima, kile ukipita kina cha watu wawili kinatoa chumvi. Ripoti ikatoka. Maneno ya mzee yamo, mzee mwenyewe hayumo. Hata visima havikutajwa ni vipi.

Mtasema ni suala la heshima tu. Hapana jamani. Juzi kikundi chetu tuliandika barua ya kuomba kisima, tukanakili sentensi ileile. Dada wa shirika akatuuliza: "Kisima kipi? Kilipimwa lini, wakati wa mvua au wa jua kali?" Kimya. Hapa pwani maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi. Ukichimba sana au ukivuta sana, chumvi inapanda. Yaani mita chache tu ndizo zinaamua watoto watakunywa nini. Na mzee kashahama, hatujui yuko wapi. Barua ikarudishwa, na kosa lilikuwa letu pia.

Ng'ambo ya Ruvuma, kule Tendaguru karibu na Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Kwa kuwa jina lake liliandikwa, mwaka 2007 wanasayansi waliweza kumuenzi kwa kumwita dinosaria mmoja Australodocus bohetii. Mamia waliochimba naye na kubeba mifupa hadi pwani, wengi wao hatuwajui.

Wapo wanaosema mzee si kitabu, hawezi kuwekwa kwenye utafiti. Si kweli. Watafiti huandika "mazungumzo binafsi", jina la msemaji na tarehe. Ila kwetu sisi tuliokimbia vita, jina linaweza kumletea mtu balaa, kwa hiyo omba ruhusa kwanza. Akikataa, andika "mvuvi mzee", wilaya, mwezi na mwaka. Hapo umemlinda na habari bado ina mwenyewe.

Na kama umesoma mahali, taja mwandishi, mwaka, kichwa cha andiko na ukurasa. "Nimeiona Google" si chanzo, Google haijachimba kisima chochote.

Kabla hujatuma ripoti yako, jiulize: atakayekuja baada yangu akitaka kuhakikisha, atarudi kwa nani? Ukikosa jibu, usitume kwanza. Rudi ukaulize.