Hita mpya haitapunguza LUKU kwa upya wake

Kuanzia Juni hadi Agosti, mafundi bomba wa Njombe, Mbeya, Iringa na Arusha hawana muda wa kukaa. Malalamiko wanayopokea yanafanana: hita inavuja, maji yanachelewa kupata moto, LUKU inakata kabla mwezi haujafika katikati. Na ushauri ambao wenye nyumba wengi wanapewa ni mmoja tu: hita imezeeka, nunua mpya, utaokoa umeme. Tunaona ushauri huo unatolewa haraka mno. Familia zinatoa laki kadhaa, na bili inabaki karibu pale pale.

Sababu iko ndani ya tangi. Umeme wote unaoingia kwenye koili ya hita hugeuka joto, na joto hilo halina pa kwenda ila kwenye maji. Ni hivyo kwa koili ya mwaka huu na kwa koili ya miaka 12. Ukoko mweupe wa chokaa unaoganda juu yake unachelewesha maji kuchemka, na mwishowe unaiunguza koili yenyewe, lakini si mla umeme mkubwa kama tunavyoambiwa. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 15 za asubuhi ya Njombe hadi nyuzi 55 kunataka takriban uniti 4.7, tangi liwe jipya au kuukuu.

Kinachopotea kinapotelea kwenye ganda. Tangi la lita 100 ambalo sponji yake ya kuhifadhi joto imechakaa, likiachwa limewashwa usiku na mchana, linaweza kupoteza uniti 2 kwa siku bila mtu yeyote kufungua bomba. Jipya lenye ganda zuri linaweza kupoteza karibu uniti 1. Tofauti ni uniti moja. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, ambapo Sh1,000 inakupa uniti 2.8, hiyo ni kama Sh356 kwa siku, au Sh130,000 kwa mwaka. Tufanye hita mpya na ufundi vimekugharimu Sh600,000. Utangoja zaidi ya miaka minne na nusu kurudisha fedha yako.

Sehemu kubwa ya nafuu hiyo unaweza kuipata leo kwa kidole. Washa hita saa mbili hivi kabla ya kuoga, kisha zima. Mwambie fundi ashushe thamostati kutoka nyuzi 75 hadi 60. Bomba la maji ya moto linalopita nje ya ukuta livikwe sponji; mita chache tu hazifilisi mtu. Anayefanya hayo na hita ya zamani atalipa pungufu kuliko jirani aliyenunua mpya na kuiacha imewashwa siku nzima.

Hatusemi hita ya zamani isibadilishwe kamwe. Mpe fundi nafasi aichunguze. Ndani ya tangi kuna fimbo ya magnesiamu, iliyowekwa ili kutu iile yenyewe badala ya kula chuma cha tangi. Fimbo ikikutwa bado nene, tangi lina maisha. Ikikutwa imebaki waya mwembamba, ibadilishwe upesi. Lakini maji ya moto yakitoka na rangi ya kutu huku ya baridi ni meupe, na chini ya tangi pameanza kutoa jasho la kahawia, hapo hakuna cha kuokoa. Chuma kilichotobolewa na kutu hakishiki kiraka. Valvu ya usalama iliyoganda nayo isisubiri hesabu ya mtu yeyote, maana tangi lisiloweza kupumua linaweza kupasuka. Kadhalika hita inayokutetemesha ukigusa bomba: zima swichi kuu, ita fundi umeme, angalia waya wa ethi. Hapo tunazungumzia uhai, na LUKU ingoje.

Basi tangi likishakufa, ndipo swali la fedha linapokuwa zito: urudishe la umeme au upandishe la jua juu ya paa?

Chukua nyumba ya watu watano inayotumia lita zile 100 kila siku, hita ikiwa imewashwa muda wote. Uniti 4.7 za maji na 2 za kupotea ni 6.7 kwa siku, karibu uniti 200 kwa mwezi. Kumbuka kwamba bei nafuu ya TANESCO, ile ya karibu Sh122 kwa uniti pamoja na tozo, ni ya wateja wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Hita peke yake imekwisha kuitoa nyumba hii huko. Kwa mwaka, maji ya moto yanaila zaidi ya Sh850,000.

Mtambo wa jua ukibeba asilimia 60 ya kazi hiyo, familia inabaki na zaidi ya Sh500,000 kila mwaka. Ukiwa umegharimu Sh2,000,000 hadi maji kutoka bafuni, unajilipa ndani ya miaka minne, na mtambo unaotunzwa unaweza kufika miaka 15. Tungeununua. Lakini wazee wawili wanaotumia lita 40, na wanaozima hita yao kila wakimaliza kuoga, wangengoja zaidi ya miaka kumi. Hao tungewashauri hita ndogo ya papo kwa papo: dakika kumi za kuoga kwa hita ya kilowati 5 ni chini ya uniti moja, kama Sh300, na hakuna tangi la kupoza maji usiku. Sharti iwe na waya mnene wake yenyewe kutoka kwenye ubao wa umeme, pamoja na ethi ya kweli.

Wakazi wa Makete na vilima vya Njombe wanaotaka mtambo wa jua wana jambo jingine la kuuliza dukani. Usiku wa sakitu, maji yanaganda kwenye vibomba vyembamba vya paneli bapa na kuvipasua. Mirija ya vioo yenye ombwe inastahimili zaidi. Muuzaji asiyejua tofauti hiyo asikuuzie.

Majirani zetu wa Kenya walitoa kanuni mwaka 2012 zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yafunge mitambo ya jua itakayobeba asilimia 60 ya mahitaji. Utekelezaji ulisuasua, na kuzilazimisha nyumba zilizokwisha kujengwa si jambo tunalolipendekeza hapa. Tunachokitaka kwa halmashauri za nyanda za juu ni kidogo zaidi: ramani ya nyumba mpya isipitishwe kama haina bomba la maji ya moto linalofika darini. Wakati wa kujenga, ni kazi ya nusu siku. Baada ya miaka mitano, ni kuvunja vigae vya bafu.

Na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, usiyasahau maji ya kuoga. Kwenye nyumba zisizo na hita yanachemshwa kwenye mkaa na kuni zile zile.

Anayeumia zaidi ni mpangaji. LUKU anailipa yeye, hita ameichagua mwenye nyumba, na mwenye nyumba haoni kwa nini atoe milioni mbili ili mwingine aokoe. Hapa pana biashara ya haki. Mtambo ukipunguza LUKU kwa zaidi ya Sh40,000 kwa mwezi, kodi inaweza kupanda kwa Sh30,000: mwenye nyumba anarudisha fedha yake katika miaka mitano na nusu hivi, na mpangaji bado anabaki na zaidi ya Sh10,000 mfukoni. Liandikwe kwenye mkataba, pamoja na nani atamlipa fundi mtambo ukiharibika.