Jua ni la bure, maji yana gharama

Huenda leo asubuhi umefungua mfereji wa jikoni ukasikia hewa tu ikivuma. Hapa Jamhuri, jambo la kwanza ni kumuuliza jirani: "Kwenu yako?" La pili ni kutazama kama stima ipo, maana katika nyumba nyingi maji hupanda tangini kwa pampu. Umeme ulipopotea sehemu kubwa ya nchi tarehe 25 Agosti 2023, ilidhihirika kwamba maji na stima ni chanda na pete.

Kampuni ya umma ya maji ina shida iyo hiyo, ila kubwa zaidi. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, lililokamilika mwaka wa 1994. Kutoka miinuko ile huteremka yenyewe hadi mtambo wa kuyasafisha wa Ng'ethu, kisha Gigiri. Lakini Kabete iko juu kuliko Gigiri. Ili yafike matangi ya Kabete, yanayogawia pande za magharibi mwa jiji, sharti yasukumwe kwa pampu. Hapo bili ya stima huanza, na mwishowe humrudia mteja.

Basi kwa nini tusitumie kawi ya jua? Kule Lodwar, Turkana, kampuni ya umma ya LOWASCO huvuta maji ya visima vya kando ya mto Turkwel, na baadhi ya pampu zake huendeshwa kwa jua.

Hebu tupige hesabu. Kuinua lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20, kutoka kina cha mita 100, hula takriban nusu uniti ya umeme. Kwa mtungi mmoja si kitu. Lakini kampuni inayonywesha mji huinua maelfu kwa maelfu kila siku ya Mungu.

Utauliza, na usiku je? Si lazima kununua betri za bei ghali. Pampu ifanye kazi mchana, ijaze tangi lililo juu, na usiku maji yateremke yenyewe. Tangi ndilo betri.

Hata hivyo, tusidanganyane. Jua ni la bure, lakini paneli, pampu na fundi si vya bure. Paneli hushika vumbi, na nyingine huibwa. Tena, pampu isiyo na bili ya stima hushawishi watu kuvuta maji kutwa nzima hadi kisima kikauke. Ndiyo maana kisima huhitaji kibali cha mamlaka ya rasilimali za maji, na mita ya kupima kinachotoka.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, siku utakapoitwa mkutano wa mtaa kuhusu kisima cha sola, usipige makofi tu. Uliza maswali matatu: Nani atakitunza? Pesa za ukarabati zitawekwa wapi? Na maji yatapimwaje? Uliza pia ikiwa akiba ya stima itapunguza bei ya mtungi kwa mama wa Kibera, jirani yetu. Isipompunguzia yeye, jua litakuwa limemwakia nani?

Tukutane Jumapili ijayo.