Kuhamia Kyela na Watoto Wadogo

Familia ihamiayo Kyela kutoka Mbeya mjini huteremka kutoka karibu meta 1,700 juu ya usawa wa bahari hadi karibu meta 500, kwenye joto, mashamba ya mpunga na mbu. Majuma ya kwanza mtoto hushikwa na homa, na usiku hulia akitaka kurudishwa kwao. Baba, ambaye akili yake yote iko dukani, husema mtoto amedeka.

Ndugu Waislamu, tuitazame Madina mwaka 622. Muhajirina walipofika, homa iliwashika, Abubakar na Bilali (R.A.) wakiwamo, na Bilali akaimba kwa kuyatamani mabonde ya Makka. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) hakuwalaumu, alimwomba Allah awapendezeshee Madina kama Makka au zaidi. Ikiwa watu wale walililia kwao, mtoto wa miaka minne ana kosa gani?

Basi neti itundikwe kabla ya kununua makochi, na homa ipelekwe zahanati siku ile ile. Dua haizuii kipimo.

Linalotusikitisha zaidi ni wazazi wanaowafungia watoto ndani kwa kuwa majirani, ambao wengi hapa ni Wakristo, si wa dini yetu. Abdullah bin Amr (R.A.) alipochinjiwa mbuzi aliuliza kwanza kama jirani yake Myahudi amepelekewa nyama. Mvua za Aprili zikifunga njia, na mume amelala Matema, mama huyo mgeni atamgongea nani mlango?