Milingoti si nyumba ya kipunji

Kuanzia Kawetele hadi mashamba ya miti ya Kiwira, sifa ni ile ile: Rungwe imerudi kuwa kijani. Milingoti imesimama wima, mipaina imeshika vilima, na wanyama nao, tunaambiwa, watajitafutia pa kukaa humo. Mti ni mti. Nakataa, na nakataa kwa ajili ya kipunji.

Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kima huyu mwenye kishungi kirefu cha nywele kichwani muda mrefu kabla watafiti hawajamwona mlimani Rungwe mwaka 2003. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima barani Afrika tangu 1923. Sensa iliyochapishwa 2008 ilikadiria wapo 1,117 tu duniani kote, karibu wote katika misitu yetu ya Rungwe na Livingstone, na wachache Ndundulu, kule Udzungwa.

Sasa ingia chini ya milingoti, uinue macho. Shina, shina, shina, na anga katikati. Hakuna tunda. Hakuna kamba za porini za kushika. Kipunji hula mimea ya aina zaidi ya 100: matunda, majani machanga, maua, hata magome. Hulala juu na husafiri juu, tawi kwa tawi, pale vilele vinapogusana. Panapokatwa mbao na kuchomwa mkaa, vilele huachana, naye hulazimika kushuka. Akishuka anakutana na mbwa, au anafika kwenye mahindi ya mtu, na mahindini kuna mtego. Halafu tunamwita mwizi!

Mlingoti una kazi yake. Nguzo na kuni za shambani zinaupumzisha msitu wa asili, na mkulima anayepanda kwake simlaumu hata kidogo. Ninachokipinga ni kuhesabu miche hiyo kana kwamba ni msitu uliorudishwa. Pale Bujingijila, ukanda mwembamba unaounganisha mlima Rungwe na Livingstone, miche laki moja ya mipaina haitamvusha kipunji hata mmoja. Panahitaji mizambarau ya porini, makaranga na miti mingine ya asili, ilindwe dhidi ya moto na ng'ombe mpaka matawi yakutane. Kwa hiyo siku ya kupanda miti ikifika, kiongozi akitaja idadi ya miche, aulizwe hapo hapo: ya mti gani, na imepandwa wapi?