Baba Yangu ni Mvuvi, na Sasa Nalisema Wazi

Ndugu wasomaji, naomba nianze kwa kukiri kosa. Mwaka wangu wa kwanza hapa Maskati, katika ile hafla ya kukaribishana ambapo kila mmoja husimama akataja jina na kwao, niliulizwa baba anafanya kazi gani. Nikajibu, tena kwa sauti ya kujiamini, "Anashughulika na mazao ya bahari." Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Nadhani walifikiria makontena ya kamba na kiwanda chenye majokofu. Ukweli ni kwamba baba ni mvuvi wa mshipi katika kijiji kimoja kati ya Tanga na Pangani, na mazao yake ya bahari huyabeba mwenyewe kwenye tenga kutoka ufukweni hadi mnadani.

Nimeishi na jibu hilo miaka miwili. Mwezi wa Februari bahari ilinivua nguo mbele ya watu, na ndiyo sababu ya makala haya.

Ilikuwa hivi. Maskati, kwa wale ambao hamjafika, ni mji ambao unaweza kumsemesha dereva wa teksi au mwenye duka kwa Kiswahili, akakujibu kwa lafudhi ya Unguja safi kuliko yako. Wengi wao walizaliwa Zanzibar au bara, ama ni watoto wa waliozaliwa huko. Walikuja baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na hasa baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos aliposhika nchi na kuwaita Waomani walioko nje warudi. Mzee mmoja wa aina hiyo alinisikia dukani naongea na mama kwenye simu. Akasubiri nimalize, akaniuliza, "Kijana, wewe wa Mrima wapi?" Neno Mrima mara ya mwisho nililisikia kwa bibi yangu. Tukawa ndugu hapo hapo.

Mzee huyu, ambaye sisi wanafunzi tunamwita Ami, ana faiba ya futi 23 na mashine moja nyuma. Mwisho wa wiki hupakia wageni wanaotaka kuvua kwa starehe. Wiki hiyo msaidizi wake alikuwa anaumwa, akaniomba nimsaidie. Nikaenda na rafiki yangu mmoja wa Mombasa anayesoma kompyuta, ambaye shida yake ilikuwa picha tu.

Tuliondoka Sidab alfajiri, watu wanne: Ami, mgeni mmoja Mzungu, rafiki yangu na mimi. Maskati ukiitazama kutoka barabarani ni majengo meupe na magari. Ukiitazama kutoka baharini, ukishapita Qantab na Bandar Khiran, mji unakwisha ghafla. Yanabaki majabali ya rangi ya kutu yanayoshuka moja kwa moja majini, na vihori vidogo ambamo huoni mti wala moshi wa jiko. Tukapita Sifah, tukaendelea kusini mashariki kuelekea Ras Abu Daud. Simu zikapoteza mtandao. Rafiki yangu akaacha kupiga picha, akaanza kusoma dua kimya kimya.

Mgeni akafungua sanduku lake. Jamani! Vyambo bandia vimepangwa kama vito vya sonara. Kimoja cha mbao, kimepakwa rangi ya dagaa, mdomo wake umechongwa kama kikombe ili ukikivuta kipige maji na kutoa sauti. Nikauliza bei. Riali 15. Riali moja ya Oman ni zaidi kidogo ya dola mbili na nusu za Kimarekani, kwa hiyo kipande kile cha mbao ni kama laki moja ya Kitanzania. Nikamkumbuka baba akifumua kamba nyeupe ya nailoni, akifunga nyuzi zake pamoja na manyoya ya kuku kwenye ndoana, kisha kuiburura nyuma ya ngalawa kutafuta sehewa. Sisi twasema kurambaza. Elimu ni ile ile, kumdanganya samaki kwa kitu kinachong'aa na kutembea. Tofauti ni sanduku.

Tulipofika mahali pa mwamba, chombo cha Ami cha kuonyesha kina kikazima. Chumvi imeingia kwenye nyaya. Mgeni akafadhaika. Ami hata hakugeuka. "Hicho cha wageni," akaniambia kwa Kiswahili. Akanionyesha alama zake: jabali lenye doa jeupe likae chini ya pengo la mlima, na upande wa pili ncha ya rasi ifunike kisiwa kidogo. Pale mistari miwili inapokutana, chini kuna mwamba. Akaniachia usukani ili amsaidie mgeni.

Hapo mikono yangu ikafanya kazi bila kuniuliza. Nikaelekeza omo kwenye mkondo, nikapunguza mashine, nikawa naiacha faiba irudi kidogo kisha naipandisha tena, jicho moja kwenye doa jeupe na jingine kwenye ndege. Mgeni akarusha, akavuta, kikombe kile kikapiga maji, na mara ya tatu au ya nne bahari ikapasuka. Kolekole! Ufito ukapinda kama upinde wa mshale. Alihangaika naye kwa muda mrefu, jasho linamtoka kama mtu aliyetiwa kwenye tanuri. Alipomtoa, Ami alimkisia kilo 20. Picha mbili, wakachomoa ndoana iliyosagwa ule mwiba wake ili itoke kwa urahisi, wakamshika mkia kichwa kikiwa majini mpaka akapata nguvu, wakamwachia.

Wallahi nilitaka kulia. Kilo 20 za kolekole kwetu si mchezo, ni sare ya shule na mchele wa wiki kadhaa. Lakini sikuandika makala haya kubishana juu ya samaki wa kurudishwa. Yule mgeni alikula chakula chake hotelini jioni, kwa hiyo alikuwa na uwezo wa kumsamehe samaki. Baba yangu hana uwezo huo, wala hafai kuonewa aibu kwa kukosa. Kilichonigusa ni kilichofuata.

Ami aliniangalia muda, akauliza, "Nani kakufunza kushika chombo hivi?"

"Baba."

"Baba yako kazi yake nini?"

Nikatazama maji. Rafiki yangu alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu. "Mvuvi," nikasema.

Rafiki yangu akakaa kimya kama dakika nzima, halafu akapasuka kwa kicheko. "Kumbe mazao ya bahari ndiyo haya!" Alicheka mpaka tukarudi Sidab. Nami nilicheka, lakini lilinichoma. Njiani tulirambaza. Nilifumua kipande cha kamba ya Ami nikatengeneza chambo cha baba, nikakifunga pembeni ya kile cha riali 15. Changu kilipata sehewa mmoja, chake kikapata nguru mmoja. Sare.

Sasa niulize, ndugu zangu: hii haya tumeitoa wapi? Kwetu mwalimu akitaka kumtisha mtoto mvivu humwambia, "Wewe utaishia kuvua." Mtoto akifaulu, jambo la kwanza anafundishwa ni kuosha harufu ya samaki mikononi. Tunakuja huku nje kusoma biashara na kompyuta, na likizo tukirudi nyumbani tunakaa hotelini kwenye ufukwe ule ule ambao wazee wetu wanasukumia ngalawa, tunawapiga picha kama watalii. Wakati huo huo, watu wa Ulaya wanapanda ndege na kulipa pesa nyingi ili mzee kama Ami awaonyeshe alama mbili za jabali.

Na tusidanganyane kwamba ile ni kazi ya mikono tu isiyo na elimu. Mwaka 1938, samaki aitwaye silikanti alipopatikana Afrika Kusini, wataalamu walipigwa na butwaa, maana walihesabu ametoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Ilichukua mpaka 1952 kumpata wa pili, na alipatikana wapi? Komoro, ambako wavuvi walikuwa na jina lake, gombessa, na walijua kuwa nyama yake si ya kutamanika. Dunia ilishangaa kwa kitu ambacho mzee wa mshipi usiku alikwisha kukivua na kukidharau. Kuanzia 2003 silikanti wakaanza kunasa kwenye majarife ya Tanzania, wengi wao pwani yetu ya Tanga, mpaka mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao. Vitabu vya habari hizo vipo. Tafuta humo majina ya wavuvi uone kama utachoka kuhesabu.

Siku ile Ami alinitajia samaki wote kwa Kiarabu cha hapa. Jodari, wao husema jaidhar. Sehewa, sahwa. Nguru ni kan'ad, na kwetu pia wapo wanaomwita nguru mmoja kanadi. Pepo letu la kusi kwao ni kaus. Masikio yako yatakwambia kwamba maneno haya yalipanda chombo kimoja. Lakini hayakusafirishwa na maprofesa. Yalisafirishwa na mabaharia na wavuvi, watu ambao sisi leo tunaogopa kuwataja kwenye hafla.

Watu wa upande huu wana mfano wa kutufundisha. Ahmad ibn Majid, aliyezaliwa Julfar, Ras al-Khaimah ya leo, alikuwa rubani wa vyombo vya bahari, mtoto wa rubani na mjukuu wa rubani. Elimu aliyoipokea kwa baba yake hakuiacha ifie mdomoni. Aliiandika, akaisahihisha palipokuwa na makosa, akaongeza yake, na kitabu chake kikubwa alikimaliza karibu na mwaka 1490. Mengi aliyaweka katika mashairi ili mabaharia wayahifadhi, na moja ya tungo hizo ni ya njia ya kwenda Sofala, yaani pwani yetu sisi. Zaidi ya miaka 500 imepita na bado anasomwa. Baba yangu anajua alama za miamba isiyopungua arobaini. Sijawahi kuandika hata mmoja.

Elimu hii ina kazi hadi leo. Hapa Oman, kila mwaka kuanzia 15 Agosti hadi 15 Oktoba ni marufuku kuvua nguru, ili wazae. Baba naye anajua ni miezi gani nguru wa kwetu hupasuliwa wakiwa na mayai. Akikaa barazani husema. Je, yupo kijana msomi aliyekwisha kukaa naye na kalamu? Tusipouliza sisi watoto wao, sheria zitaandikwa na watu ambao hawajawahi kulowa, na mzee atajifunza habari za bahari yake kutoka kwa askari wa doria.

Najua mtasema: wewe unapamba umaskini. Hapana. Uvuvi wa mshipi ni kazi ngumu, una hatari, na baba mwenyewe aliniambia, "Sikutaki baharini." Ada yangu ilitoka kwenye ngalawa ile ili nisiipande. Simwambii mtu aache shahada akakate mwanzi. Lakini baba alinikataza kuvua. Kukataza nisiseme yeye ni nani, hakunikataza. Hilo nililiongeza mwenyewe.

Jioni ile nilimpigia simu. Nikamwambia nataka anitajie alama za miamba, mmoja mmoja, na majina ya pepo na miezi yake. Kwanza alicheka. "Mwanangu, huko umekosa masomo?" Halafu akaanza. Alianza na mwamba wa karibu kabisa, ule wa watoto, akaenda mpaka salio likaisha. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, na toka mwaka jana haendi tena nje ya mwamba. Kwa hiyo sina muda mrefu, na huenda wewe pia huna.

Pendekezo langu kwa chama chetu ni dogo. Kila mwenye mzazi au babu mvuvi, wa pwani au wa ziwa, Lamu, Kilwa, Pemba, Kigoma au Jinja, amrekodi kwa simu mara moja kwa mwezi: samaki, pepo, alama, miezi. Gazeti hili litenge ukurasa mmoja. Na nyie mnaotafuta shahada ya pili, msipite tu kwenye orodha ya masomo ya bahari kana kwamba ni ya wengine. Zanzibar ipo taasisi ya sayansi za bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mombasa ipo taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, na hata hapa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos masomo hayo yanafundishwa.

Wahenga walisema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Sisi hata unahodha wenyewe bado hatujaupata, ubaharia tumekwisha kuusahau! Hafla ya kukaribisha wageni ni mwezi wa tisa. Nitasimama tena, na safari hii jibu langu litakuwa neno moja tu. Huo ndio mtazamo wangu. Asiyekubaliana nami, kurasa za gazeti hili ziko wazi.