Vitanda vimejaa, je, nani analipa?

Mwekezaji mdogo anapoombwa kuweka fedha katika hospitali binafsi, mara nyingi huonyeshwa kwanza idadi ya siku za kulazwa. Hesabu yenyewe ni rahisi. Kila mgonjwa anayekutwa wodini usiku wa manane huhesabiwa siku moja, kisha siku za mwaka mzima hujumlishwa. Jumla ikipanda, mwekezaji huambiwa kwamba mahitaji ya tiba yamepanda na wodi mpya itajilipa. Kwa maoni yangu, takwimu hiyo ikisimama peke yake haitoshi kumfanya mtu atoe akiba yake.

Chukua hospitali ya vitanda 100. Uwezo wake kwa mwaka ni siku 36,500. Wakilazwa wagonjwa 3,650, kila mmoja kwa siku 5, vitanda vinatumika kwa asilimia 50. Wagonjwa hao hao wakikaa siku 8, matumizi yanafika asilimia 80, wala hakuna mteja aliyeongezeka. Pengine majibu ya maabara yanachelewa, au daktari wa upasuaji anafika mara mbili tu kwa wiki. Mapato nayo hayapandi kwa kasi hiyo, kwa sababu upasuaji na vipimo vingi hutozwa siku za mwanzo. Siku za mwisho huingiza ada ya kitanda na vitu vidogo vidogo, huku mishahara ya wauguzi ikiendelea. Kwa hiyo, pamoja na jumla ya siku, mwekezaji adai idadi ya walioruhusiwa kwenda nyumbani na wastani wa siku walizokaa.

Siku za kulazwa zinaweza pia kupungua bila wagonjwa kupungua. Mfano wa Tanzania ni kifua kikuu. Katika miaka ya 1980 mpango wa taifa, uliojengwa kwa ushirikiano na Dk. Karel Styblo, uliwalaza wagonjwa miezi miwili ya mwanzo ili watibiwe chini ya uangalizi. Kuanzia 2006 mgonjwa alipewa nafasi ya kuchagua kumeza dawa nyumbani mbele ya msimamizi. Aliyetazama wodi peke yake angedhani ugonjwa umekwisha. Hali ni hiyo hiyo leo kwa anayesafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki: bili yake ni nzito, lakini usiku wa manane yuko kwake amelala.

Halafu kuna siku ambazo hazistahili kuitwa mahitaji hata kidogo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya, Nairobi, iliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya wazazi ya Pumwani baada ya kujifungua, kwa kuwa walishindwa kulipa. Mahakama ilisema haki zao zilikiukwa. Mtu anayezuiliwa namna hiyo huhesabiwa wodini kila usiku kama mgonjwa mwingine, ingawa kwa mwenye hisa ni deni linalokua.

Hata anayelipiwa si wa uhakika kila siku. Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi nchini Tanzania zilisitisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, zikipinga kitita kipya cha bei. Wagonjwa walikuwepo na maradhi yalikuwepo. Kilichogombaniwa ni bei. Mnunuzi wa hisa aulize sehemu gani ya mapato inatoka bima, na madai huchukua muda gani kulipwa.

Mwenye sababu ya kuipenda takwimu hii ni mzabuni wa chakula au mashuka, kwani kila anayelala hula na hutandikiwa, awe amelipa au hajalipa. Lakini naye, kabla ya kukopa ili aongeze mzigo, aulize ankara za wazabuni wenzake za miezi mitatu iliyopita zimelipwa lini.