Kiingereza cha mtu mzima kisipitie Kifaransa

BUKAVU – Tangu M23 iingie mjini Februari 2025, familia nyingi za Kadutu, Panzi na Bagira zina ndugu ng'ambo ya mpaka: Burundi, Tanzania, Uganda. Wengine waliokimbia Kalehe wangali hapa na wanaiwaza safari hiyo hiyo. Uganda peke yake imepokea wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, na huko Kiingereza ndiyo lugha ya shule na ya karatasi za ofisi. Kiswahili kinasaidia sokoni, lakini fomu ya hospitali hakiijazi.

Hamu ya kujifunza ipo. Kinachokosa ni kitabu.

Vitabu vingi vinavyofotokopiwa hapa Bukavu vimetungwa kwa mtu anayejua Kifaransa tayari. Sarufi inaelezwa kwa Kifaransa, maneno yanatafsiriwa kwa Kifaransa. Mama wa Bunyakiri aliyeacha masomo akiwa mdogo, anayesema Kitembo na Kiswahili, anatwikwa lugha mbili za kigeni kwa mara moja. Akiacha baada ya wiki mbili, watu wanasema kichwa chake ni kigumu. Kichwa chake ni kizima. Mlango ndio si wake.

Tena Kifaransa hakiokoi kila mara. Mkongomani akiulizwa umri hujibu «I have thirty years», kwa sababu Kifaransa na Kiswahili vyote viwili vinasema mtu «ana» miaka. Kiingereza kinasema mtu «ni» miaka thelathini. Vivyo hivyo «he» na «she»: Kiswahili kina «yeye» tu, basi baba anamtaja mke wake kama mwanaume mbele ya karani, na karani anaandika alivyosikia. Makosa hayo yanajulikana. Ukurasa mmoja wa Kiswahili ungeyaeleza, kama kungekuwa na mtu wa kuuandika.

Na watu wa kuuandika wapo. ISP Bukavu inatayarisha walimu wa Kiingereza. Radio Maendeleo inazungumza na wakaaji tangu 1993, na redio haiombi mega wala kujua kusoma. Sauti ya Amerika ilianza mwaka 1959 kutangaza Kiingereza cha polepole chenye maneno machache, na watu wengi duniani walikizoea. Matangazo yake yaliposimamishwa Machi 2025, waliotegemea sauti ya mbali walibaki na kimya. Dakika kumi na tano kila jioni, zilizotengenezwa hapa hapa kwa Kiswahili cha hapa, zingefaa zaidi kuliko kitabu kinachofundisha kuagiza chai Londoni.

Somo la kwanza liwe lile linaloulizwa mpakani: jina, umri, watoto wangapi, nani anaumwa, tangu lini.